Adhabu ya shule iliyogeuka shairi, na wimbo wa kuomba kuku

Kuna shairi linaanza na sentensi ya Kiingereza inayosema sitaongea Kifaransa kwenye viwanja vya shule, mstari wa pili sitaongea Kifaransa kwenye viwanja vya shule, wa tatu hivyohivyo, yaani kama mtoto aliyeandikishwa adhabu mpaka vidole vikafa ganzi, halafu ghafla mshairi anaachana na Kiingereza anaanza kufoka kwa Kifaransa cha nyumbani kwao. Anasema waliobuni hiyo adhabu hawakuwa wajinga hata kidogo, kwasababu kitu ukikirudia mara elfu lazima kitaingia kichwani, kwanza kinauma, kinatia aibu, halafu kuna siku hakiumi tena. Kwangu mimi hapo kwenye kutouma ndo pabaya kuliko pote.

Shairi linaitwa Schizophrénie linguistique, lilitoka mwaka 1980 kwenye mkusanyiko unaoitwa Cris sur le bayou uliochapishwa Montréal, na jina la mtunzi limeandikwa Jean Arceneaux. Hiyo ni lakabu. Mwenyewe ni Barry Jean Ancelet, mtu wa Louisiana huko kusini mwa Marekani, profesa aliyetumia maisha yake kukusanya hadithi na nyimbo za watu wake, Wakajuni, wenyewe wanaandika Cajun.

Tuliosoma sekondari Bongo hapo hatuna haja ya kufafanuliwa. Niliposoma mimi kulikuwa na kibao chenye kamba, ukikamatwa unaongea Kiswahili unakivaa shingoni, na ukitaka kukivua lazima umkamate mwenzako, kwahiyo siku nzima mnawindana, rafiki yako wa damu anakuja kukuuliza swali kwa upole ili tu ujisahau umjibu kwa Kiswahili. Jioni aliyebaki na kibao anachapwa mbele ya mstari. Kule Louisiana kitu hicho kilikuwa na nguvu ya katiba kabisa, katiba ya jimbo ya 1921 ilisema masomo yawe kwa Kiingereza, na watoto wa vijijini walikuwa wanaanza shule hawajui hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni kwa hiyo lugha, wengine wakawa wanajikojolea darasani maskini ya Mungu. Wakakua, wakaoa, wakazaa, wakasema mwanangu hatapitia nilichopitia mimi, basi Kifaransa kikabaki cha wakubwa wanapopeana umbea na cha mababu barazani.

Niwaeleze kwa ufupi ni kina nani hawa. Ni watoto wa Wafaransa waliohamia karne ya 17 sehemu ikiitwa Acadie, leo ni Nova Scotia na jirani zake huko Kanada. Walikuwa wakulima, walijenga matuta makubwa kuzuia maji ya bahari wakapata mashamba. Waingereza walipoitawala ile sehemu wakawataka waape utii bila masharti, wakagoma, na Septemba 5, 1755 wanaume na wavulana wa kijiji cha Grand-Pré wakaitwa kanisani, wakafungiwa, wakasomewa amri kwamba ardhi na mifugo si yao tena na wao wenyewe wanasafirishwa. Kuanzia hapo mpaka 1763 zaidi ya watu elfu kumi waling'olewa kwao, familia zikatawanywa kwenye makoloni mbalimbali, wengi walikufa kwa maradhi na meli kuzama. Waliosalia wakatangatanga, kina Joseph Broussard aliyejulikana kama Beausoleil wakafika Louisiana mwaka 1765 na kundi lao, na 1785 meli saba kutoka Ufaransa zikaleta wengine kama 1,600. Wakatulia kwenye vinamasi na mbuga za huko, wakachanganyika na wenyeji wa asili, Wahispania, Wajerumani, na Waafrika walioletwa utumwani na vizazi vyao, wale wanaoitwa Wakrioli.

Sasa hawa watu ushairi wao uliishi wapi miaka yote hiyo, wakati wengi hawakuweza kusoma wala kuandika lugha waliyokuwa wanaiongea? Uliishi kwenye dansi. Jumamosi nyumba moja inatoa samani zote nje, watoto wanalazwa chumba cha pili, watu wazima wanacheza valsi, ile dansi ya kuzunguka wawiliwawili, mpaka usiku mkubwa. Fidla zilikuwepo tangu zamani, kodiani ikaja baadaye kupitia wafanyabiashara wa Kijerumani karne ya 19, na kile kipembetatu cha chuma kinachogongwa walikifua kutoka meno ya reki za kukusanyia nyasi za mifugo. Mwimbaji anaimba kwa sauti ya juu kabisa kama anayelia, wanasema ni kwasababu hakukuwa na maikrofoni na ilibidi asikike juu ya miguu ya watu, ila mi nikisikiliza naona hata ungewapa maikrofoni wangeendelea kulia vilevile, maana maneno yenyewe hayaimbiki kwa sauti ya chini.

Maneno yao ni machache mno. Umeniacha, unaenda mbali, mimi ni yatima, nitafanyaje, nakuona mwovu, rudi nyumbani. Basi. Mtu aliyezoea taarab anaweza kuona kama hakuna kitu pale, sisi tunataka fumbo, tunataka umtaje mbaya wako kwa jina la ua au ndege na aliyelengwa ajijue mwenyewe huku ukumbi mzima unatunza. Kwa Wakajuni hakuna kujificha. Kuna wimbo wao wa zamani sana unaitwa J'ai passé devant ta porte, mtu anasema nimepita mbele ya mlango wako, nimemwita mpenzi wangu, hakuna aliyenijibu, halafu anasogea, anaona mishumaa inawaka kuzunguka jeneza lake. Hakuna maelezo marefu ya amejisikiaje. Anaimba roho inaniuma na anaacha hapo, valsi inaendelea, watu wanaendelea kuzunguka. Nimejaribu kuhesabu mizani yake kwa vidole, haitulii, mstari mmoja mrefu mwingine mfupi, kinachoubana ni mguu wa mcheza dansi. Huo nao ni urari wa mizani, tena mgumu, kwasababu ukikosea ukumbi mzima unakukosea hatua.

Na hapa kuna kitu kilinifurahisha sana nilipokuwa nasoma usiku mmoja mpaka bando likaisha. Sahani ya kwanza ya muziki wa Kikajuni ilirekodiwa New Orleans mwezi wa nne 1928, Joe Falcon na kodiani yake na Cléoma Breaux, aliyekuja kuwa mkewe, na gitaa, wimbo Allons à Lafayette. Mwaka huohuo 1928 Siti binti Saad wetu alipanda meli na wenzake kwenda Bombay kurekodi zile sahani za kwanza za taarab kwa Kiswahili. Binti wa mfinyanzi kutoka Fumba na wakulima wa mpunga wa Louisiana, hawajawahi kusikiana, na wote wanaingia kwenye santuri mwaka mmoja kwasababu makampuni ya sahani yaligundua watu wa kawaida watanunua gramafoni kama watasikia lugha yao wenyewe inatoka mle ndani. Nikiwaza hicho napata furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri. Kwa watu wetu na kwa watu wao, mashairi ya mtu asiyejua kusoma yakapata mahali pa kukaa pasipo karatasi.

Halafu kuna Amédé Ardoin. Huyu naomba mumsikilize hata kama hamtasikiliza mwingine yeyote. Alikuwa Mkrioli mweusi, mtu mfupi, alizaliwa 1898, hakutaka kabisa kazi za shamba, alitaka kodiani tu. Alikuwa anapiga na mzungu mpiga fidla Dennis McGee enzi za ubaguzi mkali, na kuanzia 1929 mpaka 1934 alirekodi nyimbo 34. Wanamuziki wa Kikajuni wa leo, weupe kwa weusi, wote wamekula kwenye sahani yake. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja alikuwa anapigia dansi ya wazungu, jasho likawa linamtiririka, msichana wa kizungu wa ile nyumba akampa leso ajifute uso, na kwa ajili ya leso hiyo wanaume wakamvizia njiani wakampiga vibaya mno, hakuwa mzima tena kichwani wala mwilini. Alifariki 1942 kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili Pineville, akazikwa na wengine kaburi lisilo na jina, mpaka leo haijulikani alipolala.

Mshairi Darrell Bourque, aliyewahi kuwa malenga rasmi wa jimbo la Louisiana, akaandika kitabu kizima cha mashairi kwa ajili ya Ardoin, kimetoka 2014, na jina lake limebeba kile kilio cha nyimbo zenyewe, ukiniacha nitafanyaje, nusu Kiingereza nusu Kifaransa. Hakuishia kuandika. Yeye na wenzake wakachangisha, na 2018 sanamu ya Ardoin ikasimamishwa Opelousas, wakasema kaburi hatulijui basi turudishe nyumbani hata sura yake. Mi hiki ndo ninachokipenda kwa hawa washairi, shairi kwao linatoka nje ya kitabu linaenda kufanya kazi ya msibani.

Mila zao zimejaa mashairi kila mahali. Wana waganga wao wanaitwa traiteur, wanaponya kwa kusali, sala ni ya siri inarithishwa mtu kwa mtu, na huruhusiwi kumlipa wala kumwambia asante. Wakati wa Kwaresma, Wakrioli walikuwa wanaweka vyombo vya muziki pembeni wanaimba kwa makofi na kukanyaga chini tu, inaitwa juré, wakusanyaji wa nyimbo za kienyeji John Lomax na mwanae Alan walipita huko 1934 wakarekodi, na ukisikiliza utasema hii si Marekani, hii ni huku huku. Ni kama kwetu Ramadhani ikiingia taarab na vigodoro vinanyamaza, zinabaki kaswida na ngoma za kuamsha daku.

Lakini kubwa lao ni Mardi Gras ya vijijini, na msichanganye na ile ya New Orleans ya magari na shanga. Jumanne moja kwa mwaka, siku ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu, kule Mamou, Basile, Eunice na vijiji vingine, watu wanavaa nguo za viraka zenye matamvua mwili mzima, usoni vinyago vilivyotengenezwa kwa wavu wa dirishani, kichwani kofia ndefu zilizochongoka kuwakejeli mabwana wakubwa wa zamani Ulaya. Wanapanda farasi na matrela. Kapteni peke yake hana kinyago, ana bendera nyeupe, anatangulia nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa, mwenye nyumba akikubali kapteni anapunga bendera na lile kundi linaingia uani linaimba, linacheza, linajigaragaza, linaomba chochote cha kutia kwenye chungu. Mwenye nyumba anatoa mchele, soseji, kitunguu, au anarusha kuku hai juu na wote wanamkimbiza kwenye matope. Jioni vinapikwa mchuzi mzito wa gumbo wa kuliwa na wali, kijiji kizima kinakula, dansi inapigwa mpaka saa sita usiku, ikigonga saa sita imekwisha, Kwaresma imeingia.

Na wimbo wao wa kuomba ndo shairi ninalolipenda kuliko yote ya Kikajuni. Si wimbo wa furaha, una lahani ya huzuni ya kizamani sana, ukiusikia bila picha utadhani watu wanaenda vitani. Unasema tumetoka kila upande, tunapita mara moja tu kwa mwaka, tunaomba sadaka, hata kama ni kiazi kitamu na vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa. Halafu wanamkaribisha mwenye nyumba aje jioni ale walichochanga. Fikiria akili iliyopo hapo, unamwomba mtu kwa aibu ya kujificha uso na hapohapo unamwalika kama mwenyeji. Watu waliofukuzwa kwao wakafika ugenini mikono mitupu, wakageuza kuomba kuwa sherehe. Hamna kitabu cha historia kilichonieleza 1755 vizuri kama huo wimbo.

Ndo maana Evangeline ya mshairi wa Kimarekani Longfellow mimi inanigusa ila hainishiki. Ni shairi refu la 1847, binti wa Acadie ametenganishwa na mchumba wake Gabriel kwenye ule uhamisho, anamtafuta maisha yake yote anamkuta mzee anayekufa. Liliwafanya Wakajuni wajulikane duniani, hadi leo St. Martinville kuna mti unaitwa mwaloni wa Evangeline na watalii wanapiga picha. Lakini Longfellow alikuwa mtu wa New England, kaskazini mashariki mwa Marekani, na askari wengi waliotumwa kuwafukuza watu wa Grand-Pré walitoka hukohuko New England, halafu Louisiana alikuwa hajafika alipoliandika. Akawapa binti mvumilivu, mpole, anayesubiri. Huyo binti simwoni kabisa kwenye wimbo wa kuku. Kwenye wimbo wa kuku naona watu wakaidi, walevi kidogo, wanaocheka wakiwa wamefunikwa nyuso na njaa yao wanaisema wazi.

Ufufuko ulianza polepole. Dewey Balfa, mpiga fidla, alienda na wenzake tamasha la muziki la Newport, kaskazini mwa Marekani, 1964, watu wa huko wakawashangilia, akarudi nyumbani na wazo kwamba makofi yale lazima yasikike na huku kwao. 1968 jimbo likaunda chombo cha kukiendeleza Kifaransa, CODOFIL, na 1974 Lafayette wakafanya tamasha kubwa la kuuenzi muziki wao. Mwaka 1980 ndo Cris sur le bayou, kina Ancelet, Zachary Richard, Deborah Clifton ambaye yeye anaandika na Kikrioli. Angalia mpangilio wake, muziki ulitangulia, mashairi ya vitabuni yakafuata, na mashairi yenyewe yana pumzi ya dansi ndani yake, Richard ni mwanamuziki na wimbo wake Réveille unawaamsha watu wa Acadie kana kwamba askari wako mlangoni sasa hivi. 2014 akawa malenga rasmi wa kwanza wa Kifaransa wa Louisiana, na mwaka huohuo Kirby Jambon, mwalimu anayefundisha watoto kwa Kifaransa, akapewa tuzo na Académie française, taasisi kuu ya lugha ya Kifaransa kule Paris, kwa kitabu chake Petites communions. Mwalimu wa shule! Viwanja vya shule vilevile.

Najua kuna atakayesema mbona unahangaika na Wamarekani. Sikilizeni. Mimi ni Mzaramo wa Kiwalani, Kizaramo naelewa salamu na matusi. Bibi yangu wa Maneromango alikuwa anaongea Kizaramo na dada zake, sisi wajukuu tukiingia wanahamia Kiswahili, hakuna aliyetuchapa wala kutuvika kibao, ilikuwa inatosha tu kwamba shule ya msingi ukichomekea neno la kilugha darasa zima linacheka. Kwahiyo kile kibao cha sekondari kiliniuma, nikajua nani kanionea, ila huku kwingine lugha yangu, Kiswahili, ndiyo iliyokalia lugha ya bibi na haikuniuma hata kidogo. Ancelet ameshasema hatari inaanzia wapi.

Kilichobaki kwetu kiko kwenye mdundiko. Watu wa Dar mnaujua, ngoma inapita mtaani mwali anatolewa, inatoka Kiwalani inaenda mpaka Vingunguti, watoto wanaufuata wanacheza hawajui wanakokwenda mpaka magharibi wanatafutwa kwa vipaza sauti msikitini. Mle kuna maneno ya Kizaramo ambayo vijana wanayaimba bila kujua maana, kama vijana wa Mamou wanavyoimba wimbo wa kuku wengine hawaongei Kifaransa. Na mdundiko unapita nyumba kwa nyumba, watu wanatoka na kutunza. Nimeangalia video ya Mardi Gras ya Mamou nikaona wanaume wanacheza na vumbi, nikasema mbona hawa nawajua.

Nimeanza kumrekodi bibi kwa simu. Nyimbo za njiani ameniimbia bila shida, nyingine akakatisha anacheka, akasema zile za ndani za mwali haziimbwi mjomba wako akiwa sebuleni, tusubiri. Naandika maneno kwa Kizaramo kwanza, bila kuyalazimisha vina, kama yalivyotoka mdomoni, halafu pembeni naandika alivyonieleza, ngoma ikipigwa wapi inabadilika, nani anaitikia. Nikipata za kutosha nitaziweka hapa na sauti zake, akiniruhusu, na zile atakazosema hizi usiweke sitaziweka.

Kama una bibi au shangazi Maneromango, Mzenga, Chanika, au popote kule Kisarawe na Mkuranga, anayezikumbuka za zamani, niambie. Nauli nitajilipia na simu nitakuja nayo imejaa chaji.